Subaru Impreza WRX STI ya 2004, Kilomita 214,000 na Rangi Mpya: Je, Inafaa Shilingi Milioni 1.7?

Watazamaji wapendwa, gari lililo nyuma yangu ni Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2004. Limetembea kilomita 214,000, na mwenyewe, aliyeniachia nilikague kutwa nzima hapa Nairobi, anaomba shilingi milioni 1.7. Najua macho yenu yameshavutwa na rangi hii ya buluu inayong'aa, lakini nawaomba muiweke kando kwanza, kwa sababu kabla ya kusifu ngozi ya gari ni lazima tuhakikishe kwamba gari lenyewe ndilo.

Kwenye kibati kilicho chini ya boneti mnaona herufi GDB, ambazo ni za STI halisi, toleo lenye nguvu zaidi la WRX. Zingekuwa GDA, tungekuwa tunatazama WRX ya kawaida iliyobandikwa nembo na kuwekewa bawa la nyuma, nami nimeshayakuta magari ya namna hiyo yakiuzwa kwa bei ya STI. Namba ya chasi iliyochongwa kwenye ukuta ulio nyuma ya injini inalingana na ya logbuku, yaani hati ya usajili wa gari, kwa hiyo hapo sina wasiwasi.

Kibati hichohicho kinataja rangi ya kiwandani. Buluu maarufu ya Subaru ya mashindano ina msimbo 02C. Msimbo wa gari hili ni mwingine, na ukiinua zulia la buti unaikuta rangi ya fedha ambayo gari lilizaliwa nayo. Logbuku nayo bado inasema fedha. Hili si jambo dogo: mabadiliko ya rangi yanapaswa kuandikishwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na mnunuzi asitoe hela kabla muuzaji hajakamilisha kazi hiyo kwa jina lake mwenyewe.

Sasa, rangi mpya inaficha nini? Rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa na unene wa mikroni 100 hadi 180. Kifaa changu kimesoma kama 280 kwenye paa na milango, kiwango kinachoonyesha tabaka jipya lililopakwa juu ya lile la zamani bila kingine chochote, lakini kwenye fenda ya nyuma kulia kimeruka hadi 900, na hiyo ni pati, ule udongo wa kujazia mabonde. Wenye kutafuta pati kwa sumaku waangalie wasijidanganye: boneti ya gari hili ni ya alumini, kwa hiyo sumaku haitashika hata kama haijawahi kuguswa na fundi. Nimeingia ndani ya buti nikaikagua fenda kwa nyuma, na viungo vya kuchomelea pamoja na gundi ya kiwandani viko vilevile. Liligongwa, likanyooshwa, halikukatwa.

Kilomita hazinitishi. Cheti cha ukaguzi wa lilipoingia nchini mwaka 2011 kinataja 96,000, na risiti za gereji zinapanda kutoka hapo bila kurudi nyuma hata mara moja. Gari la kilomita 90,000 lisilo na karatasi ningeliogopa zaidi.

Sikilizeni injini. Haingurumi kwa kugugumia kama Subaru nyingine za tabo (turbo) mnazozisikia usiku, na wanunuzi wengi hudhani huo ni ugonjwa. STI za soko la Japani za kipindi hiki ziliundwa na mabomba ya moshi yenye urefu sawa kutoka kila silinda, ndiyo maana sauti yake ni nyororo. Ingegugumia, ningeuliza nani aliyabadilisha. Kipimo cha mgandamizo, yaani nguvu ya silinda kubana hewa, kimetoka chini kidogo ya kile cha kitabuni, kama inavyotarajiwa katika mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na muhimu ni kwamba silinda zote nne zimekaribiana.

Kinachonisumbua ni mkanda wa taimingi, unaooanisha mwendo wa valvu na pistoni. Hubadilishwa kila kilomita 100,000, na risiti ya mwisho ni ya 103,000. Ukikatika kwenye injini hii, pistoni hukutana na valvu, na hapo mnazungumzia injini nyingine. Fundi mmoja wa Industrial Area ameniandikia shilingi 65,000 pamoja na pampu ya maji na roli zake. Klachi nayo inashika juu mno, kwa hiyo imebakiza muda mfupi.

Gari la umri huu haliwezi kuagizwa tena, kwani Kenya hairuhusu yaliyozidi miaka minane, hivyo STI za umri huu zilizopo ndizo hizi tulizonazo, na hilo linaipa bei yake nguvu. Hata hivyo, ningekuwa natafuta, nisingelipa zaidi ya milioni 1.4: nimepunguza mkanda, klachi, ile fenda, na ukweli kwamba mpenzi wa STI atakayelinunua kutoka kwangu atalitaka likiwa la fedha. Mwenyewe nimempa hesabu hiyo kwa maandishi, naye ameanza na NTSA.