Betri ya Kubadilishia Simu: Ipi Ununue, Ipi Uiache Kwenye Kabati la Kioo

Malalamiko ya wasomaji siku hizi yanafanana hadi naweza kummalizia mtu sentensi yake. Simu ilikuwa inafika usiku, sasa saa nane mchana inalilia chaja. Ikifika asilimia 30 inazima ghafla, ukiiwasha inasoma 4. Ikapelekwa kwa fundi, ikawekwa betri mpya, wiki za mwanzo raha tupu, halafu hadithi ikaanza upya. Ukirudi, fundi anakuambia tatizo ni mfumo wa chaji, na mfumo wa chaji nao una bei yake.

Mara nyingi mfumo wa chaji umesingiziwa. Uliuziwa betri ambayo haijawahi kutumika lakini imeshazeeka.

Kwa hiyo leo sizungumzii mAh, kile kipimo cha ujazo wa betri. Namba ya mAh anaweza kuiandika mtu yeyote mwenye printa. Sizungumzii pia rangi ya boksi, wala lile neno "orijino" ambalo Kariakoo nzima wanalo mdomoni. Nataka uangalie kitu kimoja tu ambacho karibu hakuna mteja anayekiuliza: tarehe ya kutengenezwa. Watu haohao wanaopindua pakiti ya maziwa dukani kutafuta tarehe wananunua betri ya simu bila hata kuigeuza mgongo.

Betri ya lithiamu huzeeka kwa njia mbili. Ya kwanza tunaijua, ni kule kuchaji na kutumia kila siku. Ya pili ni kukaa tu. Kemikali za ndani zinaendelea kulana taratibu hata kama betri haijaunganishwa na kitu, na joto linaharakisha. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba betri iliyohifadhiwa mwaka mmoja kwenye nyuzi 25 ikiwa na chaji ya asilimia 40 hupoteza kama asilimia 4 ya uwezo wake. Kwenye nyuzi 40, hasara inafika kama asilimia 15. Sasa pita Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo saa saba mchana uangalie betri zinavyopangwa: kabati la kioo, taa inawaka ndani, jua linapiga kwa mbele. Nyingine zimekaa hapo hadi maandishi ya boksi yamepauka.

Tarehe iko wapi? Kwenye lebo ya betri yenyewe, si kwenye boksi. Tafuta tarakimu sita au nane zinazofuatana kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, mfano 20240312. Usiichanganye na namba ya modeli, ambayo kwa kawaida ina herufi mbele. Na hapa ndipo ninapochoka na wauzaji. Kuna duka moja ambalo kila betri imebandikwa kile kibandiko cheupe cha waranti ya mwezi mmoja, na kila kibandiko kimekaa palepale, juu ya tarehe. Nikamwambia muuzaji, "Kaka, hebu kibandue nione chini." Akacheka. "Dada, nikibandua waranti imekufa." Yaani waranti inalinda tarehe isionekane! Nilimrudishia betri yake, tukaagana vizuri.

Kama tarehe haisomeki, omba mita ya kupimia volti. Fundi yeyote wa simu anayo, na kupima ni suala la sekunde. Betri mpya iliyotunzwa inasoma kati ya volti 3.6 na 3.9 hivi. Kuna sababu isije ikiwa imejaa: tangu 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kwa ndege za mizigo haziruhusiwi kuzidi asilimia 30 ya chaji. Chaji hiyo kidogo inavuja polepole miaka inavyopita. Ikisoma chini ya 3, imekaa sana. Ikisoma sifuri, saketi ndogo ya ulinzi iliyomo ndani imeshakata umeme.

Na hiyo ya sifuri ndiyo inayonitia hofu, kwa sababu mafundi wana dawa yake. Wanachukua nyaya mbili za pawa saplai, wanazigusisha kwenye betri, sindano inaruka, betri "imeamka", wanakuwekea. Betri iliyoshuka kupita kiasi, shaba ya ndani inaweza kuyeyuka na baadaye kuganda mahali pasipotakiwa, ikatengeneza shoti humohumo. Ukiona betri "mpya" inashtuliwa mbele yako, dai simu yako.

Haya, mpangilio wangu.

Nafasi ya kwanza ni betri ya kituo rasmi, na hapa sijifichi: mimi ni mtu wa Tecno, na Carlcare ndio ninaowapendekeza. Tecno, Infinix na itel zote ni za kampuni moja, Transsion, na Carlcare inazihudumia zote tatu. Sipendi foleni yao na sipendi kuambiwa "rudi kesho". Ila kuna hoja ambayo wenye simu za kifahari hawaipendi: simu inayouzwa kwa wingi, betri yake haikai stoo. Inaingia, inatoka. Tecno Spark au Samsung za A zina nafasi kubwa zaidi ya kupata betri ya karibuni kuliko ile simu ya pekee uliyoletewa kutoka Dubai.

Chukua LG. Simu zake za mtumba bado zinapendwa, na kamera zake nazielewa. Lakini LG ilijitoa kwenye biashara ya simu mwaka 2021. Muuzaji anayekuapia leo kwamba hii ni betri ya LG yenyewe kutoka kiwandani, huenda hata hasemi uongo, na hapo ndipo pabaya: kama ni kweli, ina miaka mingapi kwenye boksi? Kwa simu za namna hiyo nageuza mpangilio. Betri ya kampuni nyingine, ya mwaka jana, inaishinda ya kampuni mama iliyolala miaka minne.

Ndiyo maana nafasi ya pili nawapa wale Wachina wanaotengeneza betri za kubadilishia kwa jina lao wenyewe: Nohon, Deji, Pisen. Hawajifanyi Samsung wala Apple. Kati yao mimi huanza na Nohon. Wote wanaigwa pia, kwa hiyo tarehe na mita viko palepale.

Ya tatu ni betri ya kuchomolewa, ile iliyotolewa kwenye simu iliyovunjika kioo. Siipuuzi kama wengine. Kwa iPhone za kuanzia toleo la 15, mipangilio ya simu yenyewe inaonyesha betri imetengenezwa lini, imeanza kutumika lini na imechajiwa mizunguko mingapi. Kama fundi anayo simu hiyo bado inawaka, mwambie akuonyeshe kabla hajaichomoa. Akiwa na betri peke yake mkononi na maneno matamu, achana naye.

Za elfu chache zinazopangwa chini kwenye turubai: hapana. Pawabenki nayo haitibu betri, inakununulia muda tu.

Sasa bei, maana hapa nina kinyongo. Mwenye iPhone akiingia dukani, muuzaji anaangalia simu kwanza, anaangalia mkoba, ndipo anataja. Betri haina dhahabu ndani. Kumbuka Desemba 2017, Apple walipokiri kwamba walikuwa wanapunguza kasi ya simu zenye betri zilizochoka. Watu walikasirika, Apple wakaomba radhi, na mwaka 2018 wakashusha bei ya kubadilisha betri Marekani kutoka dola 79 hadi 29. Dola 50 ziliyeyuka kwa mwaka mzima na kampuni haikufilisika. Tangu siku hiyo mtu akinitajia bei ya betri kwa sauti ya huzuni, namwangalia tu.

Wenzetu wa Ulaya wameamua kuwabana watengenezaji. Tangu Juni 2025, simu zinazouzwa kule zinatakiwa ziwe na betri inayobakiza angalau asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 800 ya chaji, na Februari 2027 inaanza sheria ya betri ambazo mwenye simu anaweza kuzitoa mwenyewe. Huku kwetu tulikuwa na simu za kufungua kwa ukucha, tukanyang'anywa, tukaambiwa ni uzuri. Sasa kubadilisha betri ni mashine ya joto, gundi, na dua kwamba kioo cha nyuma hakitapasuka.

Kingine, risiti. Wanakuandikia "spea" basi, na waranti inayoisha kabla betri haijaonyesha tabia yake. Mwambie aandike modeli ya betri na ile tarehe uliyoisoma kwenye lebo, kwenye risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, au hata nyuma yake kwa kalamu, agonge na muhuri. Wengi watasema mashine haina mtandao. Mwambie utasubiri, vuta kiti ukae, na usitoe pesa mpaka mtandao urudi. Huwa unarudi.