Mtoto wa paka mwenye hati za nasaba au wa kawaida: yupi amfae mwenye mzio?

Familia yenye mtu mwenye mzio inapotaka kufuga paka, swali hili halikosi kuulizwa: je, ni afadhali kumchukua mtoto wa paka mwenye hati za nasaba, yaani karatasi zinazoonyesha wazazi na aina yake, au yule wa kawaida anayetafutiwa makao?

Katika kuitambua aina, mwenye hati anashinda waziwazi, kwa sababu sura ya mtoto wa paka hudanganya: macho ya buluu mara nyingi hubadilika rangi baada ya wiki kadhaa, na mtoto wa paka wa aina ya Siamese huzaliwa karibu mweupe, kisha masikio, uso, miguu na mkia hukolea rangi polepole. Manyoya marefu nayo si ushahidi kwamba ni wa aina ya Persian, yenye manyoya marefu.

Kuhusu mzio, hata hivyo, hati hazina uzito huo. Kinachowasumbua watu wengi ni protini iitwayo Fel d 1, iliyomo kwenye mate na ngozi, ambayo paka huisambaza mwilini anapojilamba. Hata Sphynx asiye na manyoya anayo. Aina ya Siberian husifiwa kuwa na kiasi kidogo, lakini paka hutofautiana mmoja mmoja, na dume asiyehasiwa kwa kawaida hutoa nyingi zaidi.

Bei humpendelea wa kawaida, ingawa chanjo na chakula wote huhitaji.

Mwenye mafua mepesi tu ya mzio anaweza kumchagua yeyote, mradi kwanza akae naye mara kadhaa katika chumba kimoja. Mwenye pumu amwone daktari mapema, kabla watoto wa nyumbani hawajamzoea mnyama ambaye huenda akarudishwa.