Hosting ya bei chee na Laravel: ulizia MySQL kabla hujalipa

Laravel yenyewe, fremwek ya kujengea app za wavuti kwa lugha ya PHP, sina ugomvi nayo, nyota tano. Hizi nyota mbili ni za hosting ya bei chee aliyokuja nayo mteja, jina nalihifadhi, PHP yao mpya kabisa lakini databesi ni MySQL 5.6, toleo ambalo watengenezaji wa MySQL waliacha kulisapoti tangu Februari 2021!

Kwenye laptop mambo yote safi, maana XAMPP (programu ya kuendesha seva kwenye kompyuta yako) pale palipoandikwa MySQL ndani ni MariaDB, ndugu yake MySQL ambayo haikugoma, kile kitufe kisikuzuge. Nikapandisha kwenye seva, kurun migresheni (zile faili za kutengeneza tebo za databesi) tu ikagoma kwenye tebo ya users, kosa namba 1071, yaani indeksi, ile ya kutafutia data haraka, imezidi kikomo cha baiti 767. Ishu ni kwamba tangu Laravel 5.4 inatumia utf8mb4, namna ya kuhifadhi herufi, ili emoji ziingie, herufi moja inahesabiwa baiti 4, sasa email ina nafasi ya herufi 255, zidisha mara 4 ni 1020, itaingiaje hapo. Ndo maana kila mtu anakwambia weka Schema::defaultStringLength(191) kwenye AppServiceProvider, faili la mipangilio ya app, ili herufi zipungue hadi 191, 191 mara 4 ni 764, inapita.

Wasichokwambia ni kwamba tebo ya users inakuwa imeshatengenezwa kabla indeksi haijagoma, kwa hiyo ukirun tena unakutana na 1050, eti tebo ipo tayari. Ingia phpMyAdmin, ukurasa wa kusimamia databesi, uifute hiyo moja tu ndo urudie, na kama humo kuna data za watu usiguse amri ya migrate:fresh, inafagia tebo zote.

Na hiyo 191 ni panadol tu aisee. Mbele kulikuwa na safu ya JSON, aina ya safu ya kuweka data zenye muundo wake, ikagoma tena, JSON imeanza MySQL 5.7.8, huku 5.6 hata haiijui. Kuwaandikia sapoti wakanijibu tatizo ni app yangu, wakati Laravel wenyewe wameandika wazi wanataka MySQL 5.7 kwenda juu.

Mteja tumemhamishia VPS, seva pepe ya kwake mwenyewe, yenye MySQL 8, ile 191 nikaitoa, migresheni zote zikapita. Bei imepanda kidogo, kanuna, ila kalipa. Nyie mnaotaka kununua, waambieni wawarushie skrinshoti ya phpMyAdmin ukurasa wa mwanzo, toleo la seva limeandikwa upande wa kulia. Wakianza kuzungusha maneno, tafuteni kwingine.