Uzoefu wangu: kumtafuta mzee askari wa Kibera katika Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue

Kama mzee wenu alivaa sare kabla ya 1900, msake kwanza alikoishi baada ya kuivua. Mafaili yaliyo Nairobi ni ya utawala: ardhi, kodi, kesi, wazee wa vijiji. Orodha za kijeshi za miaka ile ziko Kew, London, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza. Mtu anayeingia chumba cha wasomaji na jina tupu la babu hutoka mikono mitupu. Anayeingia na mahali huletewa rundo.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Kitambulisho, usajili, begi linabaki nje, unaingia na karatasi na penseli, maana wino hautakiwi karibu na nyaraka. Unapekua katalogi, unaandika namba ya faili, unaletewa mezani. Herufi za mwanzo hukuambia faili lilitoka wapi: PC ni mkuu wa mkoa, DC ni wilaya, kwa hiyo DC/KBU ni Kiambu. Mimi huanza na wilaya. Moto wa 1939 uliteketeza rekodi nyingi za Sekretarieti, yaani ofisi kuu ya serikali ya kikoloni, lakini barua iliyopelekwa juu mara nyingi iliacha nakala yake chini.

Wanubi, yaani askari wenye asili ya Sudan waliokaa Kibera na vizazi vyao, watafute kama Wasudani. Ndivyo makarani walivyowaita. Kibera nayo iliandikwa Kibra. Eneo lilitangazwa rasmi 1918, zaidi ya ekari 4,000, likawa mikononi mwa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) hadi 1928. Kibali cha shamba kilitokana na utumishi jeshini, ndiyo maana barua ya kugombania kiwanja inaweza kukupa kikosi cha mzee bila wewe kuuliza.

Kinachoangusha wengi ni jina. Farajallah utamkuta Farag Alla, Faraj Ulla, Ferajalla. Ile G ni matamshi ya Misri, na wengi wao walitoka jeshi la Misri. Orodhesha maumbo yote kabla ya kufungua faili. Halafu usikidhanie cheo kuwa jina: ombashi ni koplo, shaush ni sajini, effendi ni afisa (na ndiye aliyetuzalia "afande"). Niliona ukoo uliochorwa na Effendi kama baba mzazi wa watu watatu wasiohusiana.

Kikosi pia hubadilika jina. KAR ilianza 1902 tu: East African Rifles ya 1895 ikawa batalioni ya 3, na Uganda Rifles ikatoa ya 4 na ya 5. Ukiomba KAR ya 1897 huombi kitu.

Kama nyumbani kuna medali, hiyo ina thamani kuliko faili kumi. Ya East and Central Africa, 1897 hadi 1899, ina Malkia Victoria upande mmoja, utepe nusu njano nusu nyekundu. Usoni haisemi ya nani. Igeuze usome ukingo: namba, cheo, jina, kikosi kwa kifupi. Mulika tochi kutoka ubavuni, piga picha kipande kwa kipande. Tafadhali msiisugue kwa Brasso. Herufi ni nyembamba na kila msuguo unakula kidogo. Ukishapata namba, sasa Kew ina maana: omba orodha za medali, mfululizo WO 100.

Tovuti moja ya kulipia ya ng'ambo nisingeirudia. Ilidai jina la ukoo na mwaka wa kuzaliwa, vitu ambavyo askari hawa hawakuandikiwa, ikanirudishia Waingereza watupu.

Gazeti rasmi la serikali, kinyume chake, lipo mtandaoni bure tangu toleo la 1899. Pitia matangazo ya mirathi. Kompyuta husoma vibaya chapa za zamani, kwa hiyo tafuta Kibra, Kibera, na Kihera pia.