Maandalizi ya Uuguzi katika Chuo cha Jamii: Maabara ya Kusifiwa, Ushauri wa Kutiliwa Shaka

Nimemaliza masomo ya maandalizi ya uuguzi katika chuo kimoja cha jamii nchini Marekani, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, na jambo ambalo mwombaji anapaswa kulielewa mapema ni kwamba mlango ulio wazi ni wa chuo, si wa uuguzi wenyewe. Chuo humpokea karibu kila mwenye cheti cha sekondari, ilhali programu ya uuguzi huchuja waombaji baadaye kwa alama za sayansi na, kwingi, kwa mtihani wa TEAS, unaopima kusoma, hisabati, sayansi na Kiingereza.

Ufundishaji uliniridhisha kabisa. Anatomia na fiziolojia zilichukua mihula miwili, na mwalimu wetu alikuwa na desturi ya kutupatia trei ya mifupa, akatutaka tufumbe macho, tupapase mfupa wa paja na kusema kama ni wa kulia au wa kushoto. Niliona ni mchezo tu, mpaka siku ya mtihani wa vitendo, ambapo unasimama mbele ya fuvu lililochomekwa kijiti kwenye kitundu kimoja, unaandika jina la kitundu na la neva inayopita humo, kisha kengele inalia nawe huna budi kuhamia meza inayofuata, umeandika au hukuandika. Mengi yaliyokuwa yamenitoka kichwani siku hiyo yalikuwa bado yamo vidoleni.

Ushauri wa masomo ndio ulionigharimu. Niliandikishwa biolojia ya wanafunzi wasiosomea sayansi, ambayo haikubaliki kama sharti la kuingia anatomia; nilipogundua, muda wa kurudishiwa ada ulikuwa umekwisha, na muhula mzima ukapotea. Ni heri kuchukua orodha ya masomo ya sharti kwenye idara ya uuguzi yenyewe, na kuuliza pia kuhusu ukomo, kwa kuwa programu nyingi hazipokei alama za sayansi zilizopita miaka 5 au 7. Anayelenga udaktari aulize zaidi, maana baadhi ya vyuo vya tiba hupendelea sayansi iliyosomwa chuo kikuu.

Sikuhamia chuo kikuu, kwa sababu mwenye stashahada ya uuguzi ya miaka miwili hufanya mtihani uleule wa leseni, NCLEX-RN, anaoufanya mwenye shahada ya miaka minne. Maombi yangu ya uuguzi nimekwisha kuyawasilisha, safari hii baada ya kuikagua orodha mwenyewe, somo kwa somo.