Ubaya wa ubaguzi: madhara au kudunishwa?
Mwenye nyumba Ujiji anamnyima mtu chumba kwa kumdhania Mrundi. Kosa ni lipi hasa?

Mwanafalsafa Kasper Lippert-Rasmussen hupima madhara: aliyebaguliwa ameachwa katika hali mbaya zaidi. Kipimo hiki kinathibitishika kwa kodi ya pango na umbali wa chumba anachopata kwingine, lakini hukwama mtu huyo akipata siku hiyohiyo chumba bora zaidi Mwanga, humohumo Kigoma. Hasara hakuna, na bado ametendewa vibaya.

Deborah Hellman, profesa wa sheria, hutazama kudunishwa: kitendo kinamshusha mtu chini ya wenzake, hata bila nia mbaya, kutokana na maana kinayobeba katika jamii ile. Naamini huyu kagusa kiini, ingawa maana ikibishaniwa, mwamuzi hupatikana kwa shida.

Ibara ya 13(5) ya Katiba ya Tanzania inataja yote mawili: kuhesabiwa duni na kuwekewa vikwazo.