MRI kwa maumivu ya neva ya uso: uzoefu wangu

Nakipa kipimo hiki, cha kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, nyota 4 kati ya 5. Ile moja nimeikata kwa sababu ya fomu ya daktari ya kuombea kipimo.

Ukiandikiwa "MRI ya kichwa" tu, utapigwa picha za vipande vya milimita 5 hivi, na neva ya tano, inayobeba hisia za uso, inaweza isionekane vizuri. Ripoti itasema "kawaida", na shoti za shavuni ziko pale pale. Dai fomu itaje neva ya tano, upande unaouma, na picha za 3D aina ya T2 zenye vipande visivyofika milimita 1. Kwenye mashine za Siemens zinaitwa CISS, kwenye za GE ni FIESTA.

Katika picha hizo maji ya ubongo huwa meupe, neva na mshipa wa damu vyote vyeusi, kwa hiyo ni rahisi kuvichanganya. Ndiyo maana huongezwa picha za TOF, yaani za mishipa ya damu, ambamo ateri hung'aa. Kinachotafutwa ni mshipa unaobonyeza neva na kuleta maumivu. Mara nyingi inayobonyeza ni ateri ya juu ya serebela (ubongo mdogo wa nyuma), karibu na neva inapotoka kwenye shina la ubongo. Lakini kugusana peke yake hakutoshi. Hata wasioumwa hukutwa nako. Soma kama ripoti inasema neva imesukumwa, imepinda au imekonda. Dawa ya gadolini, ya kung'arisha picha, huchomwa kutafuta uvimbe au dalili za ugonjwa wa MS, unaoharibu ngozi ya nje ya neva. Mwenye shida ya figo aseme mapema.

Pini za hijabu, wigi lenye vibanio na rasta zenye nyuzi za chuma vitolewe. Waya za kunyoosha meno huvuruga picha. Mwenye betri ya moyo asiingie chumbani kabla haijathibitishwa kwamba inaruhusiwa.

Kero kubwa ni koili, lile kava la kichwani. Sponji zake zikigusa shavu bovu maumivu yanalipuka, ukishtuka picha zinaharibika, na unatakiwa kutulia nusu saa au zaidi. Omba zibane juu ya masikio, mbali na taya, na umeze karbamazepini yako (dawa ya maumivu haya) kwa saa yake ileile.

Picha safi haifuti ugonjwa, maana daktari huutambua kwa maelezo yako. Ondoka na CD yenye picha zote, kwani daktari wa upasuaji wa ubongo atataka kuziangalia mwenyewe, na karatasi ya ripoti haimtoshi.